Zinywe mapema au uzilaze? Bia kali za Kibelgiji tunazopika nyumbani

Wiki iliyopita rafiki yangu tunayepika naye hapa Gent, Ubelgiji, alinipigia, akasema kaka nina chupa 60 za bia nyeusi ya asilimia 10, zipo balkoni kwenye makreti, zina wiki tano tangu nizijaze, jana nimefungua moja inachoma koo na gesi hakuna, sasa huyu ananiambia ilaze mwaka mzima, yule ananiambia bia inanywewa ikiwa mpya, nimsikilize nani? Nilimjibu haraka haraka maana nilikuwa kazini, ila swali lake linastahili jibu refu kuliko lile, na wote wawili wana hoja.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu wanayachanganya kila siku. Kuna kuchachua upya ndani ya chupa, halafu kuna kulaza. Kuchachua ni kwamba siku ya kujaza unaweka sukari kidogo, hamira iliyobaki inaila, inatoa gesi, na kwa kuwa chupa imefungwa gesi haina pa kwenda inayeyuka humo humo kwenye bia. Hii ni kazi ya wiki kadhaa tu. Kulaza ndiyo hiyo miezi na miaka inayofuata. Bia ya rafiki yangu bado haijamaliza hata hiyo hatua ya kwanza, kwa hiyo huwezi kuihukumu kwa ya pili.

Na hatua ya kwanza ina hesabu zake jamani, msikadirie kwa kijiko. Gramu 4 za sukari ya kawaida kwa lita zinakupa kama ujazo mmoja wa gesi, yaani lita moja ya gesi kwa kila lita ya bia, na bia iliyochachukia kwenye nyuzi 20 tayari ina kama 0.85, kwa hiyo ukitaka ifike 3 unahitaji gramu 8.6 kwa lita, yaani kwa lita 20 ni gramu 170 hivi, pima kwenye mizani ya jikoni. Wabelgiji wengine wanapandisha mpaka karibu na 4 lakini chupa zao ni nene, hizi nyembamba tunazookota kwenye sherehe siziamini kupita 3. Mimi niliwahi kujaza haraka, haidromita, kile kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki kwenye bia, ilikuwa bado inashuka taratibu nikajiambia imetosha, usiku nikasikia mlio stoo, asubuhi nakuta chupa saba zimepasuka, kioo kimefika mpaka kwenye dari. Tangu siku hiyo sijazi mpaka namba imekaa pale pale siku tatu nne mfululizo.

Halafu hamira yenyewe. Ikishatengeneza pombe ya asilimia 10 inakuwa imechoka, nyingine imekufa, ndiyo maana wengi wetu tunaongeza hamira mpya siku ya kujaza, ile ya shampeni au ile maalumu ya chupa, gramu 2 zinatosha lita 20. Na joto lazima liwepo. Angalia Duvel pale Breendonk, bia ya asilimia 8.5: chupa zikishajazwa zinakaa kwenye chumba cha nyuzi 24 kama wiki mbili, halafu zinahamia chumba cha baridi wiki sita hivi. Balkoni ya Gent mwezi wa tatu haina nyuzi 24, kwa hiyo kukosa gesi kwa rafiki yangu sishangai hata kidogo.

Sasa tuje kwenye kulaza. Wanaolaza wana ushahidi, tena upo dukani. Chimay Bleue ilianza kama bia ya Krismasi na mpaka leo lebo yake ina mwaka, watu wanazipanga sela, kile chumba cha baridi chini ya nyumba, kwa miaka. Rochefort 10 ina asilimia 11.3, Westvleteren 12 ina kama 10.2, zote nyeusi, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) kidogo, pombe nyingi, hamira ndani ya chupa ambayo inakula oksijeni mwanzoni. Bia ya namna hiyo ikizeeka polepole inabadilika kwa uzuri. Nilipika moja Januari 2021, kimea cheusi na shira ya sukari iliyounguzwa, nikawa nafungua kwa zamu. Miezi mitatu: pombe mbele, utamu nyuma, vitu viwili havisalimiani. Miezi tisa: harufu ya tende na sukari guru, kooni laini kabisa. Miaka miwili: zabibu kavu, kitu kama haluwa iliyokaa kwenye kopo, povu limepungua kidogo lakini mdomoni imejaa. Ile ya miezi tisa na ile ya miaka miwili sikuamini zimetoka sufuria moja.

Lakini wanaosema kunywa mapema nao nawaelewa sana, na kwa bia za dhahabu na tripeli, zile kali za rangi ya dhahabu za Kibelgiji, nipo upande wao moja kwa moja. Uzuri wa tripeli kama Westmalle, asilimia 9.5, ipo tangu 1934, ni harufu ya hamira na hopsi, ile pilipili pilipili na ganda la chungwa, na hivyo ndivyo vinavyotoroka kwanza. Ukiilaza mwaka unabaki na utamu na ladha ya boksi lililolowa. Viwanda wana mashine za kutoa hewa kwenye chupa, sisi tuna mpira na mkono, oksijeni inaingia tu hata ukiwa makini vipi, kwa hiyo bia yetu inazeeka haraka kuliko ya dukani. Hamira nayo ikikaa muda mrefu kwenye joto inapasuka na kuleta ladha ya sosi ya soya. Ndugu zetu wanaopika Dar au Mombasa hapa wasikilize: mwaka mmoja kwenye chumba cha nyuzi 30 si sawa na mwaka kwenye sela ya nyuzi 12, kule mambo yanakwenda mara tatu nne zaidi, kwa hiyo kama huna friji usiige ratiba ya Wabelgiji. Sisi wa pwani tumekua na mnazi unaonywewa siku ile ile, na wala hakuna kosa hapo.

Kuna hoja nyingine ya kunywa mapema ambayo haisemwi vya kutosha, kwamba unajifunza. Ukisubiri miaka miwili kujua ulikosea wapi, umeshapika mara kumi na kosa lile lile. Na kulaza hakutibu kila kitu. Ukichachua kwenye joto kali siku za mwanzo unapata zile pombe nzito zinazochoma koo, na hizo nimezilaza miaka mitatu zikabaki zinachoma vile vile.

Kwa chupa 60 za rafiki yangu ningefanya hivi: wiki tatu chumbani nyuzi 22 mpaka 24, kila chupa igeuzwe taratibu hamira iamke, afungue moja. Gesi ikiwepo, zote sela, zisimame wima, halafu moja kila miezi miwili na daftari pembeni. Mwezi ambao inamkalia mdomoni, aite watu na anywe nyingi, abakize kumi na mbili tu za kuona zinafika wapi. Ila makreti ayatoe balkoni leo hii, jua na hopsi havipatani hata kwenye chupa ya kahawia.