Mwacheni Babu Akohoe

Wiki iliyopita binamu yangu alituma sauti kwenye kundi la familia, chini yake akaandika: "Nimeisafisha kanda ya Babu. Sasa iko kama ya studio." Kila mtu akashukuru. Na mimi nikashukuru, tena kabla sijasikiliza. Usiku nikavaa spika za masikioni, nikazima taa, nikakaa kumsubiri Babu.

Hakuja.

Kodiani ilikuwepo, noti zimepangika, safi kabisa. Lakini kikohozi chake kabla ya wimbo wa pili hakikuwepo. "Moja, mbili, haya," hakuna. Mguu wake uliokuwa ukigonga sakafu, kisigino kwanza halafu vidole, hakuna. Kiti hakilii. Nilisikiliza mara tatu, na ile mara ya tatu nikashikwa na hasira ambayo mpaka leo haijaniisha, ndiyo maana naandika.

Nilimuuliza binamu alifanyaje. Akanieleza vizuri tu, kwa moyo mweupe. Unachagua sekunde chache ambazo hakuna anayepiga wala kusema, programu inajifunza kelele ya hapo ilivyo, kisha inaiondoa kelele hiyo kanda nzima. Baadaye akatumia programu nyingine inayotenganisha sauti ya mtu na sauti ya ala, akaiacha ala peke yake.

Sasa fikirini hizo sekunde chache ni zipi. Ni pale mwanzoni, Babu ameshakaa, kodiani ameipakata, mkanda wa bega la kushoto anauweka sawa kwa sababu ulikuwa umechakaa na kuteleza, anavuta pumzi kwa puani. Babu akiwa kimya! Huo ndio uliofunzwa kwenye kompyuta kwamba ni uchafu, popote ukionekana ufutwe.

Na kodiani yenyewe ni chombo cha pumzi. Ukiivuta inameza hewa, ukiibana inaitoa, na hewa hiyo ndiyo inayotikisa ndimi za chuma zilizomo ndani. Ndivyo ilivyo tangu Cyril Demian alipopata hataza ya chombo chake kule Vienna mwaka 1829. Anayeipiga kwa miaka mingi huishia kupumua nayo. Babu akigeuza mikono kutoka kuvuta kwenda kubana, nawe ulisikia pua yake ikigeuka vilevile. Mimi nilikuwa nakaa chini, mgongo nimeegemea mguu wa kiti chake, na kwa muda mrefu utotoni sikujua ni yupi kati yao anayepumua. Ukiiondoa hiyo pumzi, unabaki na kinanda chochote cha mtu yeyote.

Kuna jambo lingine, na hili ndilo lililonitoa machozi. Kodiani ya Babu ilikuwa na ulimi mmoja uliokufa, upande wa mkono wa kulia. Ukibonyeza kitufe chake unasikia kishindo kidogo cha kidole, basi. Hakuutengeneza. Kila wimbo ulipofika kwenye noti ile, aliijaza kwa sauti yake mwenyewe, "mm," mdomo umefungwa, sawasawa na urefu wake, halafu vidole vikaendelea. Sisi wajukuu tulipoimba nyimbo zake tuliiguna ile noti, tukidhani wimbo ndivyo ulivyo. Mpaka leo naiguna. Kwenye kanda iliyosafishwa, kila inapofika pale kuna shimo. Noti, noti, shimo, noti. Anayemsikia kwa mara ya kwanza ataamini mzee alikuwa akisahau.

Sawa, nakubali kanda ilikuwa mbaya. Kaseti hutembea chini ya sentimita 5 kwa sekunde, kwenye utepe mwembamba, na ule mvumo wake umezaliwa nao. Hii yetu ilikaa juani, ikakunjamana, ikanyooshwa kwa kalamu. Upande wa pili kuna wimbo ambao sijawahi kuusikia vizuri mpaka binamu alipousafisha, na humo nimesikia jinsi mkono wa kushoto wa Babu ulivyokuwa ukitembea kwenye besi, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Hilo nampa. Namshukuru kwa hilo. Lakini faili lile liitwe kwa jina lake: kodiani peke yake. Lisiitwe Babu.

Wapiga piano wakubwa wa dunia wameachwa na kelele zao. Glenn Gould aliimba chinichini huku akipiga, na kiti alichotengenezewa na baba yake kinasikika kikilia kwenye rekodi. Alifariki mwaka 1982 na watu bado wanamsikiliza, kiti na yeye. Keith Jarrett anaguna mpaka unahisi amekaa nyuma yako. Kwa nini mzee wetu, aliyepigia sebuleni watu saba, ndiye aoshwe?

Siku ya mazishi wasifu wake ulisomwa kwa dakika nyingi: alizaliwa, akasoma, akafanya kazi, akastaafu. Muziki ulipata maneno mawili, "alipenda muziki." Nilinyamaza siku ile. Ndiyo maana kanda hii siwezi kuinyamazia.

Na wale mnaopendekeza kodiani iwekwe kwenye kabati la kioo, jueni kwamba nta inayoshikilia zile ndimi hukauka na kupasuka, na vipande vya ngozi vilivyo ndani hujikunja visipopitiwa na hewa. Ipigwe. Hata vibaya.

Jumamosi nilimpelekea Bibi zote mbili. Nilianza na ile safi. Alisikiliza ameinamisha kichwa, akatabasamu mahali pa kutabasamu. Katikati ya wimbo wa tatu kodiani inasimama ghafla, kimya, halafu zinapanda noti tano za haraka ambazo si za wimbo ule, halafu wimbo unaendelea. Bibi akakunja uso. "Hapo alikosea?"

Nikaweka kaseti yenyewe. Mvumo ukajaa chumba kizima. Kikohozi. Moja, mbili, haya. Tulipofika pale pale, kodiani ikasimama, na kwa mbali, kutoka chumba kingine, ikasikika sauti ya mwanamke kijana: "Wewe, chakula kinapoa!" Zikapanda zile noti tano.

Bibi aliweka mkono juu ya redio, kama mtu anayepima homa.

"Alisema anakuja," akaniambia. "Rudisha nyuma kidogo."