Mshubiri si Aloe vera peke yake

Makala yenu kuhusu mshubiri inasema asili yake ni Uarabuni. Hiyo ni kweli kwa Aloe vera, ule wa kwenye sabuni, si kwa mishubiri yote. Jenasi nzima, yaani kundi la mishubiri yote, ina spishi zaidi ya 500, na utafiti wa vinasaba wa 2015 ulionyesha ilianzia kusini mwa Afrika mamilioni ya miaka iliyopita, ikasambaa kuja huku kwetu Afrika Mashariki hadi Uarabuni. Aloe vera uko pembezoni kabisa mwa safari hiyo! Baringo, Kenya, kuna mshubiri wa porini, Aloe secundiflora: ukikata jani, utomvu wa manjano unachuruzika, mchungu ajabu, nao huchemshwa mpaka ugande mweusi. Huu wa porini ndio unaohitaji kulindwa. Tafadhali mhariri, uandikieni nao makala.