Mvumbuzi, Funga Mdomo Kwanza

Juma lililopita kijana mmoja aliniandikia akitaka kujua aanzie wapi kupata hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wako, kwa pampu aliyoibuni. Miezi minane nyuma aliipeleka kwenye maonyesho, akaifungua mbele ya majaji kipande kwa kipande, akarekodiwa, video ikawekwa intaneti. Waandaaji waliwaambia washiriki wasifiche kitu, maana anayeficha hapati alama. Akapata cheti. Nilichelewa kumjibu, kwa sababu jibu la kweli ni kwamba katika nchi nyingi mlango umeshafungwa, na ameufunga mwenyewe kwa kuwatii watu wazima waliopaswa kumwonya.

Hilo ndilo linalonikera. Hataza hutolewa kwa kitu kipya, na upya hupimwa kwa siku ya kuwasilisha maombi: kabla ya siku hiyo, jambo hili lilikwisha kuwekwa wazi popote duniani? Nani aliyeliweka wazi, kwa kawaida haiulizwi. Video yako mwenyewe inakuangusha sawa na ya mshindani wako. Ulaya wamekaza kabisa: msamaha wao ni wa miezi 6, tena kwa mambo mawili tu, mtu akikusaliti, au ukionyesha kwenye maonyesho ya kimataifa yanayotambuliwa rasmi. Haya, nakubali kwamba Marekani humpa mvumbuzi miezi 12 tangu alipouweka wazi uvumbuzi wake mwenyewe, kwa hiyo kijana wangu bado ana minne huko. Lakini nani amwambie mtu ajenge maisha yake juu ya huruma ya nchi chache?

Na wengi hudhani kuweka wazi ni kupanda jukwaani. Mwaka 1855 Mmarekani Samuel Barnes alitengeneza vyuma vya korseti, vazi la ndani la kubana kiuno, visivyokatika ovyo, akampa rafiki yake wa kike, ambaye baadaye alikuja kuwa mke wake. Mama huyo alivivaa miaka mingi, ndani ya nguo. Barnes aliomba hataza mwaka 1866 na akaipata. Mwaka 1881 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema haifai kitu: uvumbuzi ulikuwa umetumika hadharani muda mrefu mno kabla ya maombi, kwa kuwa hakumfunga mwanamke yule kwa sharti lolote la usiri. Mtu mmoja, chini ya nguo. Kila nikimkumbuka Barnes nawaza wangapi leo wanamwonyesha fundi, mwekezaji au rafiki, bila hata karatasi moja iliyosainiwa.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Wasilisha kwanza, ndipo uzungumze. Ziko nchi zinazopokea maombi ya muda, ambayo ni nafuu na hukuwekea tarehe huku ukiendelea kujaribu kifaa chako. Kwa Mkataba wa Paris wa 1883, ukishawasilisha nchi moja mwanachama una miezi 12 ya kuomba kwa wanachama wengine na kuhesabiwa tarehe ile ile ya kwanza. Muda huo ndio wa kutafuta fedha na washirika. Ila maelezo yawe kamili: vipimo, michoro, namna kila sehemu inavyofanya kazi, na njia mbadala ulizozifikiria. Ambacho hukukiandika siku ile hakina tarehe ile. Na kama ni lazima umwonyeshe mtu kabla ya hapo, asaini mkataba wa usiri. Najua wawekezaji wengi hukataa kusaini, na siwezi kuwalaumu kwa yote, wanasikiliza watu wengi kila siku. Basi waelezee kifaa kinafanya nini, usiwaelezee kinafanyaje.

Wazo tupu halina hataza, tuache kudanganyana. Bahasha yenye maelezo uliyojitumia mwenyewe kwa posta ili kuthibitisha tarehe haikupi haki yoyote. Hataza ya dunia nzima haipo. Nayo haijilindi yenyewe: Robert Kearns, aliyebuni waipa za gari zinazofuta kwa vipindi, alikuwa na hataza tangu miaka ya 1960, akaishtaki Ford mwaka 1978, na fidia ya dola milioni 10.2 ikaja mwaka 1990. Lakini alikuwa na kitu cha kupeleka mahakamani. Wale tunaowahimiza waonyeshe kila kitu ili wapate alama watapeleka nini?

Hatimaye nilimjibu kijana kwa swali moja: tangu siku ya maonyesho, umebadilisha nini kwenye pampu? Kumbe amebadilisha mengi. Mpira wa ndani ulikuwa unakatika, ameuunda upya kwa umbo lingine, na maji yanayopotea yamepungua sana. Hajamwonyesha mtu. Kama umbo hilo ni jipya kweli, na si jambo ambalo fundi yeyote angelifikia kirahisi, bado lina nafasi yake ya kuombewa hataza. Akataka kunitumia picha usiku ule ule. Nimemwomba asinitumie.