Kikundi Kimefufuka

Asubuhi hii, chai haijachemka, simu imeanza kulia kama king'ora. Kikundi cha WhatsApp cha kampeni ya mgombea wetu wa wadi, kimya tangu uchaguzi wa Agosti 2022, kimefufuka. Jina ni lile lile, mwaka tu umegeuzwa: 2027. Ujumbe wa kwanza: "Makamanda, safari imeanza." Wa pili unauliza pesa za tenti. Wa tatu unatangaza kwamba huyo wa tenti ametolewa kikundini.

Safari gani, jamani? Ya kwanza bado tunapangusa viatu.

Nairobi ina wadi 85, na kila wadi ina mtarajiwa anayeamini mabango ndiyo kura. Mabango hayajibandiki. Pakiti ya ngano ya kilo mbili hutoa gundi kama ndoo ya lita kumi: unga ukorogwe kwanza na maji baridi, ndipo umiminwe kwenye maji yanayochemka, mwiko ukizunguka bila kupumzika. Ukianza na maji moto unapata madonge, na donge likikaukia chini ya karatasi, mheshimiwa anaota jipu shavuni. Ukiipika nyepesi, bango linaanguka kabla ya adhuhuri. Ukiipika sawasawa, mbuzi wa mtaa wanakuja. Mbuzi huanza na kidevu. Kufikia saa nne, ukutani yamebaki macho na neno "Chagua".

Fulana nazo zilikuja saizi moja, ya baunsa. Mama mboga hana haja na manifesto, anauliza, "Mwenzenu alileta sabuni, nyinyi mmebeba nini?"

Lakini taabu yenyewe ni wakala, macho ya mgombea kituoni siku ya kura. Huyu ni mtu wa cheo: ana barua ya uteuzi, amekula kiapo cha kutunza siri, amevaa shati la harusi. Saa kumi na mbili asubuhi kituo kinafunguliwa, anaonyeshwa sanduku tupu, ananakili namba za lakiri kwa mwandiko wa hakimu. Chakula kitaletwa na kamanda wa chakula. Simu ya kamanda wa chakula imezimwa. Hadi saa kumi na moja jioni, wakati wa kufunga (aliye kwenye foleni bado hupiga kura), wakala ameishi kwa peremende moja aliyopewa na wakala wa mpinzani, na tayari anajiona msaliti.

Hesabu huanza na rais. Mgombea wa wadi ajue kungoja. Zamu ya mtu wetu inafika usiku wa manane, msimamizi anainua karatasi moja moja: mpinzani, mpinzani, mpinzani, mpinzani. Hatimaye alama iko kwa mtu wetu! Wakala anasimama. Karatasi imekataliwa. Mpiga kura ameandika jina lake lote pembeni, akaongeza: "Ni mimi shangazi yako, usinisahau." Sheria haitaki maandishi yanayomtambulisha mpiga kura.

"Lakini nia yake iko wazi!" wakala anapaza sauti.

"Iko wazi kupita kiasi," msimamizi anamjibu.

Jumla: kura sita. Kikundini tulikuwa watu 214. Wakala anadai zihesabiwe upya; anaruhusiwa, isizidi mara mbili. Zinarudiwa. Sita. Zinarudiwa tena, makarani wakimtazama kama mwenye nyumba wa tarehe tano. Tano. Moja ilikuwa imejipenyeza kutoka rundo la jirani. Akikataa kutia sahihi Fomu 36A, ile ya matokeo ya wadi kituoni, aandike sababu, na matokeo yatabaki halali vile vile. Aandike sababu gani? Njaa?

Na nauli ya kurudi nyumbani saa tisa usiku, nani anaitoa? Matatu hakuna, wa boda boda anataka mia tano, kibanda cha chai ndio kwanza kinawasha jiko. Na chapati zenyewe siku hizi nyembamba, ukiinua moja unamwona jirani. Hiyo ngano yote inaenda wapi, kama si kwa mbuzi...

Simu imelia tena. Wanauliza nani ana sufuria kubwa. Ile ya mama mboga haijarudi tangu 2022.