Chupa Mbili za Chai na Bibi Aliyemaliza Kikombe

Kwa kuwa Katibu wa bustani yetu ameshatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne katika kundi la WhatsApp la mtaa kuhusu chai niliyowanywesha watu Jumamosi iliyopita, na kwa kuwa ujumbe huo umeshamfikia shemeji yangu aliyeko Mwanza, naona sina budi kuandika mwenyewe kabla habari hii haijafika mahali ambapo nitakuwa nimeua watu. Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyelazwa. Waliokunywa walikuwa sita, si kumi na wawili, na afisa ugani hakuanguka. Aliketi, tena juu ya ndoo aliyoiomba mwenyewe kwa adabu zote.

Ninyi mnaonifuata hapa mnaijua bustani yetu ya bondeni, kwani nimewachosha kwa picha za mchicha tangu masika yaanze kupungua. Msichokijua ni namna nilivyoingia. Mkataba wangu wa uhasibu ulipokwisha bila kuongezwa, nilikaa ndani miezi mitatu nikiangalia dari, hadi Bibi jirani yetu alipogonga mlango asubuhi moja akiwa na jembe mkononi na kuniambia, "Mwanangu, jembe halitaki barua ya maombi. Twende." Nilikwenda kwa sababu mtu wa umri wake hakataliwi. Nilibaki kwa sababu pale bondeni, kati ya tuta la matembele na tuta la chainizi, hakuna aliyewahi kuniuliza, "Sasa hivi uko wapi siku hizi?" Waliniuliza tu kama nimeshamwagilia.

Tumegawana matuta, kila kaya mawili, na kila Jumamosi tunafanya kazi pamoja kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, kisha tunakunywa chai chini ya mwembe. Chai huletwa kwa zamu. Jumamosi iliyopita zamu ilikuwa yangu kwa mara ya kwanza, na kwa bahati mbaya ndiyo siku niliyokuwa nimeahidi pia kuleta dawa ya asili ya kuua vidukari waliokuwa wamezivamia bamia.

Dawa hiyo kila mtu anaijua. Unatwanga majani ya mwarobaini, unaongeza konzi ya pilipili kichaa na vichwa viwili vya vitunguu saumu, unaloweka usiku kucha, unachuja, halafu unayeyusha kipande kidogo cha sabuni ya mche ili dawa ishike kwenye majani badala ya kuteleza. Tatizo ni kwamba nilisahau kuloweka. Nilishtuka saa kumi usiku, nikawaza kwa akili yangu ya kihasibu kwamba maji ya moto hukamua haraka kuliko maji ya baridi, nikachemsha kila kitu pamoja, nikachuja kwa kitambaa, na kwa sababu dumu letu linavuja nikaimimina dawa katika chupa ya chai. Chai yenyewe, ya rangi, yenye tangawizi na sukari robo kilo, niliimimina katika chupa nyingine. Chupa zote mbili tulizawadiwa siku ya harusi. Ni pacha: zote za buluu, zote zina maua, zote zina ufa ule ule mdogo kwenye mfuniko.

Mke wangu, ambaye aliamshwa na harufu, alisimama mlangoni mwa jiko akasema, "Baba watoto, weka alama kwenye hiyo sumu." Nikamjibu, kwa utulivu wa mtu aliyefunga hesabu za miaka ishirini na miwili, kwamba nitaweka alama kwenye chai, kwa kuwa kisicho na alama ya chai hakiwezi kuwa chai. Nikafunga bua la mchaichai, pamoja na kijishina chake, kwenye mpini wa chupa ya chai. Nilijiona nimefanya jambo lenye ladha ya sanaa. Mke wangu aliniangalia kidogo, akarudi kulala.

Nilipofika bondeni giza lilikuwa bado linaondoka. Nikaziweka chupa chini ya mwembe, nikaenda kuteka maji kisimani. Babu mwenye tuta la mwisho, mtu ambaye hawezi kuona kitu chenye mzizi kikikaa juu ya ardhi bila kukihurumia, aliliona lile bua la mchaichai, akadhani ni zawadi niliyoiletea bustani, akalifungua taratibu na kwenda kulipanda kando ya kisima kabla jua halijalikausha. Alinipita nikiwa na ndoo mbili. Akasema, "Ahsante sana kijana, umefikiria mbali." Nikasema, "Karibu Babu," bila kujua nimeshukuriwa kwa lipi.

Niliporudi nikakuta chupa mbili zisizo na alama yoyote. Hapo, mpenzi msomaji, ndipo mtu mwenye akili angefungua mfuniko na kunusa. Nilishika moja, ikawa ya moto. Nikashika ya pili, nayo ya moto. Nikazitikisa zote mbili karibu na sikio, nikasikiliza kama fundi saa, kisha nikamkabidhi Katibu moja na kumwambia awahi kupulizia bamia kabla ya jua kupanda, maana jua likiwa kali nguvu ya mwarobaini hupotea haraka. Akaichanganya na maji ya kisimani katika bomba la mgongoni na kwenda zake.

Saa mbili tukakusanyika. Siku hiyo tulikuwa na mgeni, afisa ugani wa kata, binti mpole aliyekuja kutufundisha kuhusu kantangaze, yule mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya. Mgeni huhudumiwa kwanza. Nikammiminia kikombe kilichojaa, na juu yake likapanda povu jembamba lililonipendeza, kwani nilidhani ni dalili ya chai iliyochemka vizuri. Nikampa Bibi. Nikampa Babu. Nikampa Mweka Hazina, kisha mama anayetuletea vitumbua, kisha muuguzi wetu mstaafu. Nikasimama mbele yao na chupa mkononi kama bwana harusi, nikisubiri.

Afisa ugani alikunywa funda moja. Naliona funda lile hadi leo. Liliingia, likakaa mdomoni muda ambao chai haina sababu ya kukaa, mashavu yakatuna kidogo, macho yakafunguka na kuangalia mbali kuelekea barabarani kana kwamba anasubiri daladala, kisha koo likapanda na kushuka. Akasema kwa sauti nyembamba, "Kaka, chai yenu ina viungo vingi."

Nikafurahi! Nikamjibu, "Viungo vyote nimetwanga kwa mkono wangu." Hiyo, angalau, ilikuwa kweli tupu.

Bibi naye akanywa. Akatulia. Akaniangalia mimi, akaangalia kikombe, akaangalia juu kwenye majani ya mwembe ambako hakukuwa na kitu, akanywa tena. Babu, baada ya kukohoa kikohozi kimoja kirefu kilichoanzia magotini, akatamka, "Tangawizi imekolea." Mweka Hazina akaafiki kwa kichwa tu, kwa kuwa midomo yake ilikuwa imewaka moto na haikuweza kutumika. Mama wa vitumbua alitafuna vitumbua vitatu mfululizo bila kupumua. Muuguzi alijigeuza kuyaangalia matembele, akarudi na kikombe kitupu, na ndiyo maana simhesabu miongoni mwa wale sita.

Nami nilikuwa nimevimba kichwa. Miezi mingi nilikuwa sijasifiwa kwa jambo lolote, na sasa watu wenye heshima zao walikuwa wanakunywa kimya kimya kitu nilichokipika mimi, wengine wakitokwa na machozi. Nikapita na chupa tena. "Ongeza Bibi, usione haya." Naomba mrudie kuisoma sentensi hiyo, kwa sababu Katibu hakuisikia na haimo katika ujumbe wake, lakini mimi ndiye niliyeitamka na ninaiona kila nikifumba macho. Nilimwongeza bibi wa zaidi ya miaka sabini dawa ya vidukari, naye akasema, "Haya baba, nusu inatosha." Aliposema "inatosha", kipovu kimoja cha sabuni kikatokeza pembeni mwa mdomo wake, kikang'aa kwenye jua la asubuhi, kikapasuka.

Nikajimiminia changu, nikakiinua, na wakati huo huo Katibu akatokea na bomba mgongoni, akifukuza kitu usoni kwa kofia yake. "Mhasibu," akasema, "hiyo dawa yako ina harufu tamu kama ya tangawizi. Mbona nyuki wananifuata?"

Nilisikia maneno hayo vizuri kabisa. Bahati mbaya mkono haukusubiri, na funda langu likawa limeshaingia.

Siwezi kulieleza ipasavyo. Uchungu wa mwarobaini ulifika kwanza na kukaa nyuma ya ulimi kama mwenye nyumba, pilipili ikafuata, saumu ikapanda puani, kisha sabuni ikaja mwisho, kwa upole, kana kwamba inataka kufua ushahidi. Wazee wanasema mti huo hutibu maradhi arobaini. Aibu bila shaka ni la arobaini na moja. Nikatazama watu wote chini ya mwembe. Wote walikuwa wananitazama mimi. Nikagundua kwamba walijua. Hawakujua kwamba ni dawa ya wadudu, lakini tangu funda la kwanza kila mmoja alijua kwamba kile si chai ya kunyweka, na kila mmoja alikuwa ameamua, bila kushauriana na mwenzake, kukinywa.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Muuguzi alitugawia maji mengi, akatuketisha, akatuchunguza mmoja mmoja na kutangaza kwamba tutaishi. Babu alicheka hadi kofia ikaanguka. Afisa ugani aliendelea na somo la kantangaze, na alipofika kwenye kipengele cha umuhimu wa kuandika majina kwenye vyombo vya dawa hakunitazama, jambo lililoniumiza zaidi kuliko kama angenitazama. Bamia, kwa upande wake, zilikuwa zimepuliziwa chai yenye sukari robo kilo, na kufikia adhuhuri sisimizi wa bonde zima walikuwa wamehamia huko. Wanaojua kilimo wanajua kwamba sisimizi huwalinda vidukari kwa sababu ya ule utomvu mtamu ambao vidukari huutoa, kwa hiyo nilikuwa nimewaletea wadudu walewale chai pamoja na walinzi. Nimeyaosha majani kwa maji jioni mbili mfululizo, jani moja baada ya jingine.

Jioni ya kwanza Bibi alikuja kunishikia ndoo. Nikamwomba msamaha tena, nikamuuliza kwa nini hakuitema. Akaendelea kuosha jani alilokuwa nalo, kisha akasema, "Siku ile ulipokuja hapa mara ya kwanza ulikuwa huna sauti, baba. Leo umeamka usiku kutupikia. Ningeitemaje mbele yako?" Nikashindwa kujibu, nikajifanya nimeingiwa na maji machoni. Akaniacha kidogo, halafu akaongeza, "Lakini ungenimiminia cha tatu ningekupeleka kwa mjumbe."

Sasa kuhusu ninyi mnaoniandikia faragha kuagiza chai ya kuua kunguni: naomba mnikome. Na Katibu, kwa taarifa yenu, ndiye mtu pekee ambaye hakuonja hata tone, na ndiyo maana ana pumzi ya kuzungumza dakika nne.

Mchaichai wa Babu umeshika vizuri kando ya kisima. Zamu yangu nyingine ya chai imewahishwa, ni Jumamosi ijayo, kwa uamuzi wa Bibi ambao haukupigiwa kura. Yeye amesema atakuja na kikombe chake kikubwa. Katibu amesema atakuja na vidukari wachache kwenye kopo, ili wao waonje kwanza.