Aliyenyamaza tangu Jumatatu nani atampigia?

Wanaobeza miradi ya afya kwa simu wana hoja. Simu haichomi sindano, wala haijazi rafu tupu za dawa. Mwaka 2012 Wizara ya Afya ya Uganda iliamuru miradi ya namna hiyo isimame kwanza, kwa kuwa kila mfadhili alikuja na mfumo wake na mifumo yenyewe haikusomana. Zanzibar, wajawazito waliounganishwa na wakunga kwa simu walijifungua mikononi mwa wataalamu kwa asilimia 60, na wasiounganishwa kwa asilimia 47. Lakini faida hiyo ilionekana kwa wanawake wa mjini, wa shamba haikuwafikia. Na Yaoundé, Kamerun, watu wanaoishi na VVU walitumiwa meseji za kuwatia moyo kila wiki kwa miezi sita, na unywaji wao wa dawa haukubadilika kwa kiasi cha kuzungumziwa.

Hukumu inayofuata hapo, kwamba meseji ni kelele za wafadhili, ndiyo inayonishinda kuikubali.

Kuanzia 2007, watu 538 walioanza ARV, dawa za kufubaza VVU, katika kliniki tatu za Kenya, zikiwemo za Pumwani na Kajiado, waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Wote walipata huduma ya kawaida. Kundi moja likaongezewa meseji kila Jumatatu asubuhi: "Mambo?" Haikutaja dawa wala virusi. Mgonjwa alitakiwa ajibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu shida, au asiyejibu kabisa, muuguzi alimpigia.

Meseji hiyo hata ikisomwa na shemeji, au na abiria aliyebanana nawe kwenye matatu, haimwambii lolote. "Usisahau dawa zako" kwenye simu ambayo watoto wanachezea gemu jioni ni jambo jingine kabisa.

Matokeo yalichapishwa 2010 katika jarida la Lancet. Waliokunywa zaidi ya asilimia 95 ya dozi zao walikuwa 62 kati ya mia katika kundi la meseji, na 50 katika kundi la pili. Takwimu hii hunukuliwa mno, na mimi siipendi sana, maana ni maneno ya wagonjwa wenyewe. Mtu aliyejuliwa hali mwaka mzima anaweza kuona haya kumwambia muuguzi kwamba aliruka dozi. Ninayoitegemea ni ya maabara, kwani damu haina haya: waliofubaza virusi walikuwa asilimia 57, dhidi ya 48. Pengo ni la pointi tisa. Dogo? Kwenye kliniki yenye wateja elfu moja hao ni watu 90, kwa gharama ya meseji na muda wa kupiga simu. Lakini usipige vigelegele: katika mia waliosalimiwa kila Jumatatu, 43 hawakuonyesha matokeo hayo.

Kilichofanya kazi ni nini? Naamini ni muuguzi, na meseji ilimchujia tu. Wengi walijibu sawa, hivyo akabaki na wachache wa kuwafuatilia badala ya mamia. Yaoundé nako meseji ilikuwa na namba ya kupiga ukihitaji msaada, ila anayezama ndiye aliyeachiwa kazi ya kuitafuta kamba.

Nakiri ushahidi mmoja hauniungi mkono moja kwa moja. Chulaimbo, magharibi ya Kenya, meseji za kuwakumbusha tu wagonjwa ARV zao, bila kudai jibu, zilisaidia zilipotumwa mara moja kwa wiki. Za kila siku hazikusaidia. Huenda za kila siku zilichosha. Huenda ya wiki ilitosha mtu kuhisi kwamba kuna anayemkumbuka.

Kuhusu rafu tupu za dawa, hapo wabezaji wamekosea moja kwa moja. Mwaka 2009 na 2010, katika wilaya za Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga, Tanzania, vituo vya afya 129 viliulizwa kila wiki kwa meseji vimebakiwa na dawa ngapi za malaria. Vilivyoishiwa angalau dawa moja vilishuka kutoka asilimia 78 hadi 26 ndani ya wiki 21. Hakukuwa na kundi la kulinganisha, kweli, lakini ofisi ya wilaya iliona kwa macho kituo gani kimelalia maboksi na kipi kinarudisha watoto nyumbani bila dozi.

Basi mradi mwingine wa simu ukiletwa mezani kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, asihangaike kwanza na meseji ngapi zitatumwa. Aulize nani atampigia Jumatano mgonjwa aliyenyamaza tangu Jumatatu, muda huo umeingizwa kwenye zamu ya nani, na vocha inatoka mfuko gani.