Dada wa kazi wa Iringa na msimamo wa Cicely Tyson

Dada wa kazi akitokea kwenye tamthilia za Dar es Salaam, msubiri afungue mdomo. Mara nyingi katoka Iringa. Akitoa salamu ya Kihehe, "kamwene", tu, sebule nzima inacheka. Kwa binti wa Mafinga, mkoani Iringa, anayejua kuigiza, huo ndio mlango ulio wazi. Apite?

Wapo wanaosema asipite, na mfano mzuri wanao: mwigizaji Cicely Tyson wa Marekani, aliyekulia Harlem, New York. Mwaka 1963 alionekana kwenye runinga na nywele zake za asili, wakati wenzake walizinyoosha. Alikataa nafasi za kumdhalilisha mtu mweusi, hata pale kukataa kulipomkosesha kazi. Mwaka 1974 alimwigiza mwanamke aliyezaliwa utumwani, toka ujanani hadi miaka 110, akapata Emmy, tuzo ya runinga. Kwenye majukwaa ya Broadway, New York, hakuonekana kuanzia 1983 hadi 2013, akarudi na kunyakua Tony, tuzo ya maigizo ya jukwaani, akiwa na miaka 88.

Inavutia, lakini miaka 30! Tyson angalau alikuwa na filamu na runinga za kumweka mjini. Binti wa Mafinga ana posho ya igizo la UKIMWI siku ya gulio. Maigizo hayo yana sababu: utafiti wa 2016/17 ulikuta asilimia 11.4 ya watu wazima wa Njombe, mkoa jirani, wanaishi na VVU. Ila na kwenye maigizo hayo pia, mara nyingi mhusika mwanamke ndiye anayeleta ugonjwa. Akikataa, kodi ya chumba italipwa na nani?

Hata hivyo, wanaomtaja Tyson husahau kwamba alivaa matambara sana. Kwenye filamu ya mwaka 1972 aliigiza mke wa mkulima fukara, akateuliwa kuwania Oscar. Aproni haikumtisha. Alichotaka ni mhusika mwenye akili na haja zake.

Ndiyo maana ningemshauri binti apite, ila aanzie gulioni. Pale hakuna skripti iliyofungwa. Mzee akibisha kutoka kwenye umati, mwigizaji hujibu hapo hapo, na wiki ijayo yule mwanamke "mleta ugonjwa" anaweza kumuuliza mumewe alilala wapi. Runinga humpa jina, lakini mwongozaji akishasema "vuta lafudhi zaidi" na kamera ikarekodi, hana pa kurekebisha. Lafudhi yenyewe mimi sina ugomvi nayo. Ninachotaka kusikia ni huyo dada, baada ya "kamwene", anasema nini.